Shajara ya mradi: mchezo wa jeneza unarudi stejini

Januari, wiki ya mwisho

Haya jamani, tumeanza rasmi. Waliosoma Mwanza katikati ya miaka ya tisini huenda baadhi wanaukumbuka mchezo wenyewe, ulichezwa 1995 kwenye bwalo la shule, wengine hawajawahi hata kuusikia kwa hiyo niueleze kidogo. Kuna mzee ana madeni kila kona, dukani kwa Mangi, ada ya mtoto, mpaka fundi baiskeli anamdai, anapanga na mke wake na fundi seremala jirani yake watangaze kwamba amefariki, rambirambi zikipatikana walipe madeni, na yeye usiku wa kuamkia mazishi atoroke zake. Kwenye skripti hana jina, ameandikwa MAREHEMU tangu ukurasa wa kwanza akiwa bado anakunywa chai. Analala kwenye jeneza, kamati ya msiba inaundwa, na humo ndani anasikia kila kitu, anayemsifia ni yuleyule aliyekuwa anamsengenya, kuna anayegombea koti lake, kuna mweka hazina anayejikopesha kwenye sahani ya rambirambi "nitarudisha kesho". Ikifika usiku wa pili hela yote imeliwa, na kamati inagundua kwamba hesabu haziwezi kufungwa mpaka mtu azikwe. Mzee anainuka anasema jamani mi mzima, mwenyekiti anamwangalia, anamwambia, "Lala, kikao hakijafungwa."

Mi nilikuwemo kwenye mchezo ule wa kwanza, nilicheza kijana anayebeba viti. Nakumbuka bwalo zima linacheka afu kwenye huo mstari wa mwisho kicheko kinakatika ghafla, watu wanaangaliana. Sijawahi kusahau.

Ulikuwa urudiwe mwezi wa sita 1996, mazoezi yameshaiva kabisa. Jumanne asubuhi tarehe 21 Mei MV Bukoba ikazama ikiwa inakuja Mwanza kutokea Bukoba na Kemondo. Meli ya abiria 430 ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, waliokufa wanatajwa kukaribia 900 na wapo wanaosema ni zaidi ya hapo. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa, wengi wakazikwa pale Igoma. Mwalimu wetu aliyeandika mchezo akafunga kaunta buku lake, akasema mji huu umeshaona majeneza ya kutosha. Hakuna aliyebisha, nani angebisha?

Februari, mwanzoni

Nimevuka kwenda Nansio kumwona Mwalimu, alistaafu akarudi kwao Ukerewe. Bila ruhusa yake hakuna mradi, na skripti ni hiyohiyo moja, hatukuwahi kuichapa.

Nimempigia hodi, nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani. Najua umefuata nini."

Mara ya mwisho kumfuata ilikuwa 2018, akina sisi tuliokuwa kwenye ule mchezo tulishaanza kuelewana naye vizuri tu, ikaja Septemba 20, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia gati la Bwisya kule Ukara, watu 228 wakafariki, tena hapo ni wilayani kwake, waliozikwa wengine ni wazazi wa watoto aliowafundisha. Mazungumzo yakaishia hapo. Kwa hiyo safari hii sikwenda na haraka, nimekaa, tumekula ugali na sato, tumeongea habari za watu wa zamani, mpaka mwenyewe akaingia chumbani akatoka na kaunta buku limefungwa kwenye mfuko wa rambo, ile mifuko ya kabla ya katazo la 2019.

Kurasa za katikati mchwa wamekula pembeni, zinasomeka nusu. Ila kuna kitu kimoja kimenikamata. Kwenye kikao cha kwanza cha kamati kulikuwa na mstari wa mwenyekiti kuhusu mtu kufia majini, kwamba kamati ingekuwa imeokoa hela ya jeneza. Umepigwa mstari wa peni nyekundu, tena peni imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ameandika tarehe, 23/5/96. Yaani siku mbili tu baada ya meli kuzama mtu alifungua daftari lake usiku, akatafuta huo mstari, akaufuta. Nimemrudishia daftari kidogo nikajifanya naangalia nje.

Amekubali, kwa masharti. Huo mstari usirudi kamwe, maji na meli visiguswe mahali popote, MAREHEMU "amekufa" kwa presha basi. Mjane asichekwe hata sehemu moja. Na akasema neno ambalo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa skripti mpya: "Tunamcheka anayekula msiba, hatumcheki mwenye msiba."

Afu akanieleza alikoupata huu mchezo, kitu ambacho tukiwa wanafunzi hakuwahi kutuambia. Kaupata makaburini, kwa watani. Aliyewahi kuzika na watani anajua, mtani anashuka kaburini analala humo anagoma kutoka mpaka apewe hela, au anavaa koti la marehemu anaiga anavyotembea na anavyokohoa, na wafiwa wanacheka machozi hayajakauka. Mjukuu wa kike anamlilia babu yake "mume wangu umeniachia nani", watu hoi. Kwa hiyo anayesema vichekesho vya msiba ni mambo ya kuiga nje mi simwelewi, tumezikana hivyo miaka yote. Ila mtani ana haki ile kwa sababu anajulikana ni mtani, na kesho na yeye atafanyiwa. Mgeni akifanya vilevile atapigwa. Hilo ndo swali la mradi mzima naliona sasa, sisi tukisimama pale stejini tunacheka kama nani?

Februari, katikati

Ukumbi. Kwa kundi dogo kama letu kumbi zinazopatikana kwa bei ya kueleweka ni za harusi, na Jumamosi sahau, kuna send-off, kitchen party, harusi, zimejaa mpaka miezi ya mbele. Tumepata mmoja Jumapili mchana, bei nzuri, umeme wa uhakika na genereta lipo, mama mwenye ukumbi mkarimu kweli, akatuuliza tutaleta vifaa gani. Tukamtajia viti, turubai, sufuria, jeneza.

Akasema hapana wanangu. Jeneza likionekana linashushwa kwenye gari mlangoni kwangu, nani ataleta bibi harusi hapa tena?

Na ana haki. Tumerudi kujadiliana, wengine wakasema tutafute ukumbi mwingine, wengine wakasema tutumie kitanda tukifunike shuka. Kitanda hapana, mchezo unakufa, lazima watu walione lile sanduku katikati yao muda wote, kamati inapiga hesabu juu ya kifuniko chake, chai inawekwa juu yake.

Aliyetuokoa ni fundi. Tuna rafiki ana karakana Mabatini, anatengeneza milango, makabati na majeneza, tulimfuata atushauri tu kuhusu mbao. Kasikiliza, kasema kwani lazima liingie likiwa jeneza? Mimi mbao zangu zikiwa mbao hakuna anayeziogopa. Liingie mbao, litoke mbao.

Basi mchezo umepata mwanzo mpya ambao haukuwepo 1995. Taa zinawaka, stejini kuna mbao za paini tu zimelala, fundi anapiga randa na MAREHEMU amekaa pembeni anakunywa chai wanabishana bei. Mteja anajinunulia mwenyewe. Anaomba apunguziwe maana atalitumia siku mbili tu afu atalirudisha, fundi anasema "Mzee wangu, tangu nianze kazi hii mteja hajawahi kurudisha." Na huku mikono inafanya kazi, vipande vinaungwa mbele ya macho ya watu, na wewe uliyekaa pale kwenye kiti huoni ni sekunde gani mbao ziligeuka kuwa jeneza. Tumejaribu mazoezini, chumba chote kilinyamaza.

Fundi amekaa na kijana wetu anayecheza seremala akamfundisha kushika randa vizuri, kupima, kupuliza vumbi la mbao kabla ya kukagua unyoofu kwa jicho moja. Katufundisha na kitu ambacho mi sikuwa nakijua, jeneza lenye mabega, ule ubavu unakatwa mikato midogomidogo kwa msumeno upande wa ndani, unamwagiwa maji ya moto, ndo unakunjika pale begani bila kupasuka. Hiyo hatuwezi kuifanya stejini, kwa hiyo mbavu mbili atazikunja kabla na sisi tunaunganisha kwa bolti. Hatupaki vanishi, mbao zibaki mbichi ziking'aa, na harufu ya paini ifike mpaka safu ya nyuma.

Mama mwenye ukumbi tumemweleza. Kafikiri, kasema mbao sawa.

Machi

Kurasa zilizoliwa. Tumewakusanya niliocheza nao zamani, wale ambao bado wapo Mwanza, tukakaa nyumbani kwa mmoja wetu Nyakato kila mtu anasema anachokumbuka. Ajabu watu wanakumbuka mistari ya wenzao kuliko ya kwao. Sehemu ya kugombea koti imerudi yote. Sehemu ya mchungaji na shekhe wote kuitwa kwa sababu kamati haikumbuki mzee alikuwa anasali wapi, hiyo imerudi nusu, nyingine tumepeleka maswali kwa Mwalimu kwa simu, anajibu usiku kwa voisi ndefu, anaigiza sauti zote.

Waombolezaji walikuwa wananisumbua kichwa. 1995 walikaa tu mkekani wanalia kwa zamu. Mmoja wa waigizaji ni mtu wa Kisesa, akasema mbona jibu liko kule kwetu. Kisesa ndo Bujora, pale penye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement, na kila mwaka mwezi wa sita kuna Bulabo, sherehe ya mashindano ya ngoma. Ambaye hajafika, ngoma za Kisukuma zina pande mbili, Bagika na Bagalu, na kwenye mashindano pande zote mbili zinacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, anayevuta watu wengi upande wake ndo mshindi. Kwa hiyo kila upande unafanya kila mbinu, majembe yanarushwa juu kwenye bugobogobo, ngoma ya wakulima, wengine wanaleta nyoka, watu wanakimbia kutoka huku kwenda kule.

Tumegawa waombolezaji pande mbili. Upande mmoja watu wa ukoo, upande mwingine watu wa mtaa, na wanashindana nani anaomboleza zaidi, kwa sababu watakaoonekana ndo wana uchungu sana ndo watapewa mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti ndo anakaa karibu na sahani. Wanaimba, wanadondoka, wanaamka, wanavutia watazamaji upande wao kwelikweli. Mzee mmoja mpiga ngoma wa Kisesa amekubali kutufundisha mapigo, hataki hela anataka nauli tu na tusimharibie ngoma zake. Wabeja sana mzee wetu.

Dada anayecheza mjane anatoka Sengerema, zamani angekuwa na kazi ya kusubiri kivuko Busisi, siku hizi daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025 anapita tu, anafika mazoezini kabla ya watu wa Buhongwa. Hapo kwenye scene ya pambano la vilio yeye ndo mtu pekee asiyelia, amekaa katikati anachambua mchele. Ni wazo lake. Macho yote yanaishia kwake.

Machi, mwishoni

Wiki ngumu. Kijana anayecheza MAREHEMU amegoma kulala ndani. Si kwamba anaogopa yeye, ni mama yake amesikia. Na kuna mwenzetu kaongeza moto, kasoma kwenye simu habari za Molière, yule mwandishi wa Ufaransa, kwamba 1673 alikuwa anacheza mgonjwa wa kujidhania, humo ndani kuna sehemu anajifanya amekufa ili ajue mke wake anampenda kweli au la, onyesho la nne akazidiwa akiwa stejini na usiku uleule akafariki. Ni kweli kabisa, tarehe 17 Februari. Kijana kasikia hivyo ndo basi tena.

Sikutaka kubadilisha mwigizaji. Nimeenda kwa mama yake pale Kirumba na zawadi ya sukari, nikamweleza mchezo mwanzo mwisho kama nilivyoueleza hapa. Alicheka kwenye koti. Akaniuliza, huyo mwanangu humo ndani anaitwa nani? Nikamwambia hana jina. Akasema vizuri, msimpe. Na nguo zake mwenyewe asivae, na mikono asifungwe, na akitoka humo kila siku anawe uso kabla ya kula. Nikamwambia mama yote tutafanya. Kaja mwenyewe mazoezini Jumamosi, kakaa mbele, mwanae alipolala alishika khanga yake kwa nguvu mpaka alipoinuka. Tumeweka beseni la maji na taulo nyuma ya pazia, na naona sasa hata wengine wananawa, hakuna aliyewaambia.

Aprili

Mvua kila siku, mazoezi yanachelewa, umeme unakatika tunawasha tochi za simu.

Makaratasi yanaenda. Wengi hawajui kwamba mchezo wa jukwaani nao una sheria yake, ni ileile ya filamu, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, skripti inatakiwa ipitiwe kwanza. Tumemwona afisa utamaduni, katusikiliza vizuri, katuuliza kama kuna mahali tunataja meli. Yaani hata yeye. Tukamwonyesha ule ukurasa wa kwanza wenye neno la Mwalimu.

Mjadala mrefu wa mwezi huu ni daftari au simu. Vijana wanasema nani siku hizi anaandika rambirambi kwenye daftari, kuna grupu la WhatsApp, kuna lipa namba, mweka hazina anapokea kwenye simu yake. Ni kweli. Lakini stejini simu ni kitu kidogo kinachofichwa kiganjani, mtu wa safu ya nyuma haoni wizi, wakati daftari akichana ukurasa ukumbi wote unasikia. Nimesimamia daftari. Ila wamenipa kitu kizuri, simu ya mweka hazina iwepo mfukoni, na kila pesa inapoingia inalia mlio wa meseji, na kila ikilia waombolezaji wa pande zote mbili wananyamaza kidogo, wanasikiliza, wanaendelea kulia. Mlio ukija katikati ya sala ndo balaa. Kwa hiyo zote mbili zimebaki, simu inaingiza, daftari linatoa.

Mei

Mwaka huu MV Bukoba inatimiza miaka 30. Kuna mtu aliyetaka kutusaidia hela akapendekeza tuzindue tarehe 21 yenyewe, waandishi wa habari watakuwepo mjini, tutapata jina. Tumemshukuru tukakataa, kundi zima bila kupiga kura. Hela ya taa tutaitafuta kwingine.

Tarehe 21 hatukufanya mazoezi. Baadhi yetu tulikwenda Igoma kwenye kumbukumbu, dada wa Sengerema ana shangazi yake pale. Hatukuongelea mchezo.

Jumamosi iliyofuata tulirudi, na kuna kitu kimebadilika kwenye mstari wa mwisho. Anayecheza mwenyekiti alikuwa anausema kwa ukali, watu wanashtuka, sawa. Safari hii kausema taratibu, kama anamwombea mzee mema, "Lala, kikao hakijafungwa," huku anamrudisha kwa kumshika bega kwa upole, na ule upole ndo ulitutisha wote. Nimemwambia ashike hapohapo asiongeze kitu. Na mjane, ambaye kwenye kaunta buku hana neno tena baada ya hapo, aliendelea kuchambua mchele. Nimempigia Mwalimu usiku huohuo nikamweleza, akanyamaza, afu akasema mjane apewe kitu cha kusema, ana haki yake, anaandika.

Bado hajatuma. Tunamsubiri, na hiyo sehemu tumeiacha wazi kwenye skripti. Onyesho la kwanza ni Julai, Jumapili mchana, Bulabo ikishapita kwa sababu mzee wa ngoma hawezi kuikosa na sisi hatuwezi kumkosa yeye. Mwalimu anavuka kuja, chumba cha kulala tumeshampata kwa mwenzetu Isamilo. Kinachodaiwa ni taa za pembeni, nauli za waigizaji wa mwezi wa sita na bolti za mbavu ya kushoto, zile za mwanzo zimeanza kulegea.